Ofisini siku tatu, nyumbani siku mbili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kazi ya mseto

Maswali haya yanatoka pande mbili za meza. Wenye kampuni huuliza kama kazi itafanyika. Wafanyakazi huuliza kama bando watalipa wao. Nimejibu nikizitazama zaidi ofisi za Dar es Salaam, na Nairobi pale sheria au mazingira yanapofanana. Msimamo wangu nausema mapema: mseto unafaa, lakini lazima uandikwe, na lazima gharama zake zisihamie kimyakimya mfukoni mwa mfanyakazi.

Kazi ya mseto ni nini hasa?

Ni utaratibu ambao mfanyakazi yuleyule ana siku za kuingia ofisini na siku za kufanyia kazi nyumbani, na siku hizo zinajulikana. Kuomba ruhusa ubaki nyumbani kwa sababu fundi bomba anakuja si mseto. Meneja kutuma ujumbe Jumapili usiku kwamba "kesho msije, kuna wageni" nako si mseto. Na kijana wa Arusha anayeiandikia programu kampuni ya Berlin, ambaye hajawahi kukanyaga ofisi yao, yuko kwenye mpango mwingine wenye maswali yake.

Si lilikuwa jambo la wakati wa korona tu?

Korona ndiyo iliyolisukuma. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 13 Machi 2020, na siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akawahimiza waajiri wawaruhusu watu kufanyia kazi nyumbani. Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 16 Machi. Hapa kwetu watu hawakufungiwa ndani, hivyo ofisi nyingi ziliamua zenyewe nani abaki nyumbani na nani aje.

Ugonjwa ulipopungua, utaratibu haukufa. Uingereza, takwimu za serikali za majira ya vuli ya 2024 zilionyesha kuwa asilimia 28 ya watu wazima wenye kazi walikuwa kwenye mseto. Dar es Salaam, Januari 2025, jiji lilipopokea mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika kuhusu nishati na barabara kadhaa kufungwa, watumishi wa umma walielekezwa kufanyia kazi nyumbani kwa siku mbili. Wapo pia waliorudi nyuma: Amazon ilitangaza Septemba 2024 kwamba wafanyakazi wake wa ofisini warudi siku zote tano kuanzia Januari 2025. Hata Zoom, kampuni ambayo vikao vya mtandaoni ndiyo biashara yake, Agosti 2023 iliwataka wanaoishi karibu na ofisi zake waingie angalau siku mbili kwa wiki. Kwa hiyo mjadala haujaisha, na mwajiri asione haya kuuchukua polepole.

Mwajiri anafaidika nini?

Faida ninayoiamini kuliko zote ni moja: watu wazuri hawaondoki.

Jaribio zuri kuhusu hili lilifanyika Trip.com, kampuni ya usafiri ya China, kuanzia mwaka 2021. Wafanyakazi 1,612 wa uhandisi, masoko na fedha waligawanywa kwa tarehe za kuzaliwa: waliozaliwa tarehe witiri na waliozaliwa tarehe shufwa. Kundi moja likaendelea kuja siku tano, jingine likaruhusiwa kubaki nyumbani Jumatano na Ijumaa. Matokeo, yaliyochapishwa kwenye jarida la Nature Juni 2024, ni kwamba kuacha kazi kulipungua kwa theluthi moja katika kundi la mseto, huku tathmini za utendaji na kupandishwa vyeo zikibaki sawa kwa miaka miwili iliyofuatiliwa. Waliofaidika zaidi ni wasio mameneja, wanawake, na wanaoishi mbali. Mmoja wa watafiti, James Liang, ndiye mwenyekiti wa kampuni yenyewe, na msomaji ana haki ya kulijua hilo. Lakini kuwagawa watu kwa tarehe ya kuzaliwa kunaziba mlango wa kuchagua wachapakazi na kuwaweka upande mmoja.

Theluthi moja ni fedha. Mhasibu akiondoka unatangaza nafasi, unasaili, unasubiri amalize notisi alikotoka, kisha miezi kadhaa anajifunza wateja wako ni nani na nani kati yao huchelewa kulipa. Wenye kampuni wengi hawajawahi kuiweka gharama hii kwenye karatasi, ndiyo maana wanaona mseto ni zawadi kwa mfanyakazi.

Faida ya pili ni wigo wa kuajiri. Mtu mahiri anayeishi Kibaha au Bagamoyo, ambaye asingekubali kuja Posta, katikati ya jiji, siku tano, anaweza kukubali tatu. Mtu mwenye ulemavu ambaye kupanda daladala asubuhi kwake ni mapambano, naye anaingia kwenye orodha ya unaoweza kuwaajiri. Hao tumewapoteza kwa miaka mingi, na sababu haikuwa uwezo wao.

Na kodi ya ofisi itapungua?

Mara nyingi si kwa kiasi unachofikiria. Kama wote wanakuja Jumanne, unahitaji viti vya wote Jumanne. Kodi hupungua pale tu idara zinapopokezana siku, au mkataba wa pango unapoisha na kampuni ikahamia eneo dogo kweli. Umeme, maji na chai vitapungua kidogo. Usianzishe mseto kwa ajili ya kubana matumizi, kwa sababu utajikuta unayabana kwa kuyahamishia kwa wafanyakazi.

Mfanyakazi anafaidika nini?

Saa zake. Anayetoka Mbagala, Chanika au Bunju kwenda katikati ya jiji anajua kuamka saa kumi usiku ili awahi kabla barabara haijaziba. Mwendokasi ilipoanza mwaka 2016 kutoka Kimara iliwapa nafuu wa njia ile, ingawa foleni ya kituoni ikawa foleni nyingine. Wa Kigamboni wana daraja na kivuko, na vyote viwili vina asubuhi zake. Nairobi ni hivyohivyo kwa anayetoka Rongai au Kitengela. Barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022 imeharakisha mambo kwa mwenye gari na pesa ya kulipia, wakati abiria wengi wa matatu bado wako chini.

Piga hesabu. Tuseme safari ni saa 2 kwenda na saa 2 kurudi. Siku mbili za kubaki nyumbani zinarudisha saa 8 kila wiki, karibu siku nzima ya kazi. Saa hizo ndizo mtoto anasaidiwa hesabu, mama mzee anapelekwa kliniki, mtu analala usingizi wa kumtosha. Nauli na chakula cha mchana cha siku hizo pia vinabaki mfukoni, kama havitamezwa na bando na umeme wa LUKU, jambo ambalo lina swali lake hapa chini.

Mtu akiwa nyumbani si atalala?

Wapo watakaolala. Lakini hao hata ofisini walikuwa wamekaa tu, wamefungua faili moja tangu asubuhi. Kinachobadilika ni kwamba ofisini bosi aliona mwili na akadhani ameona kazi.

Kampuni hiyohiyo ya China, ilipokuwa bado inaitwa Ctrip, iliwahi kufanya jaribio la awali mwaka 2010 na 2011 kwa wahudumu wa simu. Kwa miezi 9, waliokaa nyumbani siku nne kwa wiki walifanya kazi kwa asilimia 13 zaidi ya wenzao, kwa sehemu kubwa kwa sababu walikuwa kwenye simu dakika nyingi zaidi katika zamu. Kazi ya simu inahesabika, na hilo ndilo lililorahisisha kujua. Kama kampuni yako haiwezi kusema mtu wa masoko anatakiwa awe amekabidhi nini ifikapo Ijumaa, basi tatizo lilikuwepo kabla ya mseto, na mseto umelifunua.

Hasara kubwa ni ipi?

Vijana kukosa kufundishwa. Hapa nawaomba wenye kampuni wakae kidogo, kwa sababu hasara hii haionekani mwaka wa kwanza.

Kazi nyingi za ofisi hatukufundishwa darasani. Tulimsikia mkubwa akiongea na mteja mkali kwa upole, tukaona jinsi anavyokataa bila kuvunja uhusiano. Tulirudishiwa barua ikiwa na wino mwekundu, tukasogea kwenye meza yake, akaeleza. Kijana aliyeajiriwa juzi, akiwa peke yake chumbani Sinza, anaona hitimisho tu: "Rekebisha aya ya tatu." Kwa nini, haambiwi, na kuuliza anaogopa, maana ujumbe wa maandishi unaonekana kama usumbufu kuliko swali la kupenyeza wakati mkubwa anakunywa chai.

Watafiti watatu, Natalia Emanuel, Emma Harrington na Amanda Pallais, waliangalia wahandisi wa programu katika kampuni kubwa ya Marekani. Waliokaa jengo moja na timu yao yote walipata maoni mengi zaidi juu ya kazi zao kuliko wale ambao timu yao iligawanyika katika majengo mawili. Ofisi zilipofungwa mwaka 2020, tofauti hiyo karibu yote ikatoweka. Waliokuwa wakifaidika na ukaribu zaidi ni vijana na wanawake. Na upande wa pili upo: wakubwa waliokuwa karibu na vijana waliandika programu chache zaidi, kwa sababu kufundisha kunakula muda. Ndiyo sababu mkubwa akiwa nyumbani anajisifu kwamba kazi inaenda haraka. Kwake inaenda kweli. Gharama inalipwa na kijana leo, na kampuni baadaye.

Dawa yake ninayoipendekeza: mwajiriwa mpya aje ofisini siku nyingi zaidi miezi yake ya mwanzo, na mkubwa wake alazimike kuwepo siku hizohizo. Kumwita kijana ofisini huku wakubwa wote wako nyumbani ni kumlipisha nauli akaangalie viti vitupu.

Kuna hasara nyingine?

Idara kujifungia. Utafiti wa Microsoft juu ya wafanyakazi wake zaidi ya 61,000, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba walipohamia wote nyumbani, mawasiliano kati ya vikundi tofauti yalipungua na kila kikundi kikageukia ndani. Upweke pia: kwenye jaribio lile la kwanza la Ctrip, walipopewa nafasi ya kuchagua upya, karibu nusu ya waliokuwa nyumbani walirudi ofisini. Na wale waliobaki nyumbani hawakupandishwa vyeo kwa kasi iliyolingana na utendaji wao. Asiyeonekana husahaulika, na hilo meneja anatakiwa alipige vita kwa makusudi wakati wa kupanga vyeo: aangalie orodha ya kazi zilizokabidhiwa kabla ya kuangalia sura zilizomjia kichwani.

Bando na umeme alipe nani?

Mwajiri. Naandika hivyo bila kuzungushazungusha.

Ofisini huwezi kumwambia karani aje na umeme wake. Iweje siku ya nyumbani, anapofanya kazi ileile kwa faida ileile, alipe LUKU na bando? Kikao kimoja cha video cha saa moja kinakula bando ambalo kwa mtu wa mshahara wa chini lilikuwa la wiki. Matokeo yake unayaona: watu wanazima kamera na kusingizia mtandao mbaya, au wanajiunga kwa simu wakiwa wamesimama kibarazani kwa jirani mwenye waifai. Meneja anadhani ni uzembe, kumbe ni hesabu ya shilingi.

Njia iliyo safi zaidi ni kampuni kununua huduma kwa jina lake: laini ya data au ruta inayokabidhiwa kwa maandishi kama inavyokabidhiwa kompyuta. Ikiwa mtapendelea posho ya kila mwezi, iandikwe kiasi gani na kwa ajili ya nini, iingie kwenye hesabu za mishahara, na mhasibu aitolee kodi inavyostahili. Posho ya maneno, "tutaangalia mwisho wa mwezi", huishia kwenye manung'uniko. Kuhusu umeme, kupima uniti ngapi zilitumika na kompyuta ni kujichosha. Kubalianeni kiwango kimoja kwa wote.

Vifaa ni vilevile. Kompyuta mpakato ya kampuni, na kiti. Mtu anayefanya kazi siku nzima akiwa amekaa kitandani ataumwa mgongo, na likizo ya ugonjwa italipwa na nani?

Nyumbani kwangu hapakaliki. Je, nalazimika?

Hapana, na mpango mzuri unakuachia nafasi ya kuja ofisini siku zote. Wanaoandika kuhusu mseto hudhani kila mtu ana chumba cha kufungia mlango. Wengi wa vijana wetu wamepanga chumba na sebule, uani kuna wapangaji wengine sita na redio tatu. Au wanaishi kwa wazazi, ambako mtu aliyekaa nyumbani mchana hahesabiwi kuwa yuko kazini: atatumwa dukani, atapokelea mgeni, ataombwa ampeleke shangazi stendi.

Kwa wenye familia kubwa, ongeeni na waliomo ndani mapema, na waelezeni wazee kwa heshima kwamba kuanzia saa hii hadi saa ile uko kazini ingawa uko hapa. Ikisemwa mara moja kwa utulivu hueleweka. Ikisemwa kwa hasira katikati ya kikao huzaa ugomvi.

Ni kweli mseto unawafaa zaidi wanawake?

Unawafaa wengi, na unaweza kuwaumiza haohao. Mama anayenyonyesha, kwa mfano, sheria ya Tanzania inampa hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi za kunyonyesha mtoto. Kwa anayefanya kazi Posta na mtoto akiwa Tegeta, haki hiyo imebaki kwenye karatasi. Siku za nyumbani zinaifanya iwe ya kweli.

Lakini siku hizo zikigeuka kuwa siku za kazi mbili, ya ofisi na ya jikoni kwa wakati mmoja, amepata hasara. Waume, msiruhusu dada wa kazi apunguzwe kwa hoja kwamba "mama yupo". Na mameneja, msiwaweke wanawake wote nyumbani na wanaume wote ofisini. Mkifanya hivyo, miaka mitatu baadaye wakuu wa idara wote watakuwa wanaume, na kila mtu atadai ilitokea yenyewe.

Umeme ukikatika au intaneti ikipotea, siku hiyo inahesabikaje?

Ni siku ya kazi, alimradi mfanyakazi ametoa taarifa. Haya si mambo ya kubuni. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Gridi ya taifa ya Tanzania ilizimika tarehe 1 Aprili 2024. Ya Kenya ilizimika Agosti 2023. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 tunaukumbuka, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere haujaanza kuzalisha Februari 2024.

Wekeni kanuni ya wazi: umeme ukikatika zaidi ya muda fulani mliokubaliana, mtu atume ujumbe kwa msimamizi na aendelee na kazi isiyohitaji mtandao, au aje ofisini kwenye jenereta kama anaishi karibu. Kumkata mtu mshahara kwa kosa la gridi si haki.

Siku ngapi, na nani achague?

Timu ichague pamoja, kisha kila mtu aifuate. Mtu mmojammoja akichagua siku zake, unapata ofisi ya watu wanne wanaofanya vikao vya video na wenzao, jambo ambalo wangelifanya bila kupanda daladala. Siku mbili hadi tatu za ofisini zinatosha kwa kazi nyingi za mezani. Siku hizo zijazwe mambo yanayohitaji kuonana: kufundishana, kugombania bajeti, kumpokea mgeni wa kazi mpya, kula pamoja. Ripoti ndefu na mahesabu ya kufunga mwezi yabaki siku za nyumbani.

Dereva, mhudumu, mlinzi na wa mapokezi je?

Swali hili halipati muda kwenye vikao, na ndilo linalovunja amani ya ofisi. Mhudumu anayewaandalia chai anaona wenye mishahara mikubwa wanapunguziwa nauli, yeye haoni chochote. Huwezi kumpa mlinzi siku ya kulinda geti akiwa nyumbani. Unaweza, hata hivyo, kumpangia zamu zinazokwepa foleni, kumwachia aondoke mapema siku ambazo jengo halina watu, au kumwongezea nauli kwa sababu bajeti ya matumizi ya ofisi imepungua. Hospitali, viwanda, shule na maduka yana hesabu hiyohiyo kwa ukubwa zaidi. Ukianzisha mseto kwa ghorofa ya juu bila kuwatazama wa chini, umeanzisha tabaka.

Bosi ananitumia kazi saa nne usiku. Naruhusiwa kutojibu?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku. Zaidi ya hapo ni muda wa ziada, unaohitaji makubaliano, usiozidi saa 50 katika mzunguko wa wiki nne, na unaolipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Kufanyia kazi nyumbani hakufuti vifungu hivyo. Vinawaacha nje wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu, kwa hiyo mkuu wa idara ana kinga ndogo zaidi.

Ufaransa imekuwa na sheria ya haki ya kujiondoa kwenye mawasiliano ya kazi tangu Januari 2017. Kenya, Seneta Samson Cherargei alipeleka muswada wa namna hiyo. Kwenu ofisini msisubiri Bunge: andikeni saa ambayo ujumbe unatarajiwa kujibiwa, na saa ambayo ukitumwa utasubiri asubuhi. Bosi anayepata wazo usiku aliandike, alipangie litumwe saa mbili asubuhi.

Mwajiri anaweza kuniamuru nirudi siku zote tano?

Anza na mkataba wako. Sheria hiyohiyo ya Tanzania, kifungu cha 15, inataka mahali pa kazi paandikwe kwenye maelezo ya ajira, na yakibadilika, mwajiri ashauriane na mfanyakazi, ayarekebishe na kumtaarifu kwa maandishi. Kenya, kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema jambo linalofanana. Ikiwa mkataba unasema ofisini na mseto ulikuja kwa maneno matupu, una hoja dhaifu. Ikiwa kuna barua au sera iliyosainiwa, lazima mkae mezani. Hii ndiyo sababu ninasisitiza karatasi, na inawalinda waajiri pia: mfanyakazi aliyehamia Morogoro bila kuaga hawezi kudai kwamba mliruhusu.

Anaweza kuweka programu ya kunifuatilia?

Si kwa siri. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake; Kenya ina sheria ya mwaka 2019 na Kamishna wa Ulinzi wa Data. Zote zinataka mtu ajulishwe taarifa gani zake zinakusanywa na kwa lengo gani, na kukusanya kusizidi lengo hilo. Kumpiga picha mfanyakazi kwa kamera ya kompyuta kila baada ya dakika chache, akiwa nyumbani kwake na watoto wake wakipita nyuma, ni jambo gumu kulitetea. Tena hakusaidii: utajua alikuwa kwenye kiti, hutajua alifanya nini.

Vipi siri za kampuni?

Kompyuta ya kazi isitumiwe na watoto kwa katuni. Nywila iwe na uthibitisho wa hatua mbili. Nyaraka za wateja zisizunguke kwenye makundi ya WhatsApp ya binafsi, tabia ambayo tumeizoea mno. Kifaa kikiibwa kwenye daladala, taarifa itolewe saa hiyohiyo bila mtu kuogopa kukatwa mshahara, maana woga huo ndio unaochelewesha kufunga akaunti.

Nikiumia nikiwa kazini nyumbani?

Fidia hutegemea kama ajali ilitokana na kazi na ilitokea wakati wa kazi. Nyumbani, ushahidi wa hilo ni mgumu, kwa hiyo sera iandike anuani ambako kazi inafanyika na saa zake. Ukiumia, toa taarifa kwa mwajiri siku hiyohiyo ili naye aifikishe kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Sisi ni watu wanane tu. Tuanzie wapi?

Chagueni miezi mitatu ya majaribio. Kabla ya siku ya kwanza, kila mtu aandike kwenye ukurasa mmoja kazi zake za wiki ni zipi na nani anazisubiri. Pangeni siku za pamoja. Toeni bando. Andikeni barua fupi kwa kila mfanyakazi inayotaja siku, saa, vifaa, na kwamba ni majaribio hadi tarehe fulani. Wekeni kumbukumbu za mambo machache mnayoweza kuyahesabu tangu sasa: ankara zilizotoka kwa wakati, malalamiko ya wateja, siku za ugonjwa, watu walioomba kuondoka.

Miezi mitatu ikiisha, muulizeni kwanza mwajiriwa mpya kuliko wote amejifunza nini, halafu mhudumu, halafu wengine. Mwenye kampuni aseme wa mwisho, kwa sababu akianza yeye wengine wote watakubaliana naye.